Ukitembeza Familia Nairobi, Waonyeshe Nairobi Yote

Wageni wakishuka treni ya SGR kutoka Mombasa pale Syokimau kila mtu anataka kuwapandisha Expressway wafike Westlands haraka waone maghorofa. Mimi nasema wapitishe barabara ya chini kwanza. Expressway ni kilomita 27, ilifunguliwa 2022, na ni ya kulipia, kwa hivyo wenye pesa wanapita huko juu na matatu nyingi zinabaki kwa jam na watu wa mguu wanatembea kando kwa vumbi, na mama yako akiangalia hiyo kitu kupitia dirisha la matatu ataanza kukuuliza maswali mwenyewe. Jioni nyingine uwapitishe juu taa zikiwaka. Ni maridadi kusema ukweli, na hiyo pia lazima waione.

Siku ya kwanza usichoshe watu. Kama kuna wazee na watoto, nendeni Safari Walk pale geti kubwa ya National Park, Lang'ata Road, ni njia ya mbao unatembea tu bila gari. Kila mtu mzima abebe kitambulisho ndio mlipe bei ya raia.

Siku ya pili msitu wa Karura, asubuhi, na sweta kama ni Julai, msiniambie sikuwaambia. Ingieni na geti ya Limuru Road, kuna maporomoko ya maji na mapango waliyojificha Mau Mau. Mkishapumzika waambie stori ya huo msitu, vile miaka ya tisini ulikuwa unakatwa ploti za wakubwa, na Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miti wakavamiwa, akatoka hapo kichwa kikivuja damu. Leo mtu wa Runda kwa matajiri na mtu wa Huruma kwa mabanda wanatembea njia moja humo ndani. Hapo ndio mahali napenda kuliko pengine pote Nairobi.

Ukitoka Karura shuka Thika Road mpaka pale Muthaiga na Mathare zinaangaliana, barabara tu katikati. Upande huu miti na kuta ndefu, upande ule mabati. Usipite kimya. Waelezee kwamba reli ilifika hapa 1899, mji ukaota, na wazungu wakajichukulia upande wa magharibi ulioinuka, Wahindi wakawekwa kina Parklands na Ngara, Mwafrika akasukumwa Eastlands na kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, shingoni, na baada ya 1963 ile mipaka ikabaki palepale, sasa kinachokuweka upande wako ni pesa. Waambie pia maji, maana hii huwashtua watu wa ushago: anayenunua kwa mtungi wa lita 20 mtaani analipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye mita na bustani kule ng'ambo.

Sasa mitaa ya mabanda yenyewe. Tafadhali usipeleke watu Kibera kuangalia watu. Karibu kila familia iko na mtu wao Kibera, Kawangware ama Mukuru, na huyo ndiye mnaenda kumsalimia, mkiwa na unga, sukari na majani ya chai kama vile mgeni yeyote anaingia kwa mtu. Piga simu mapema, mmuulize saa inayomfaa, simu za picha zikae mfukoni mpaka yeye mwenyewe aseme mpige, na yeye ndiye awatembeze na aongee. Kama hamna mtu huko, nendeni soko la Toi mnunue viatu na nguo, mpige stori na wanaouza, inatosha.

Kutakuwa na mjomba atasema hawa watu wa mabanda ni wavivu. Usibishane naye mezani. Mwamshe kesho yake saa kumi na moja alfajiri, mpeleke kando ya barabara ya kuingia Industrial Area, aone maelfu wakienda kazini kwa mguu gizani sababu nauli ya kwenda na kurudi inakula chakula cha watoto. Watoto wakiuliza kwa nini iko hivi, wajibu ukweli, wanaelewa kuliko tunavyodhani.

Chakula, siku moja iwe Eastleigh, wali na nyama ya ngamia na chai ya viungo. Siku ya mwisho soko la Kariokor, nyama choma na ugali, alafu shangazi achague kiondo na sandali za ngozi bila kuharakishwa. Tiketi za kurudi Mombasa zikatwe mapema, za wikendi huisha haraka sana.