Kutafuta plastiki tumboni mwa samaki, hatua kwa hatua

Kukuta plastiki kwenye tumbo la samaki si kazi. Kazi ni kuthibitisha kwamba aliimeza yeye, wala haikudondoka kutoka kwenye sweta lako ulipokuwa ukimpasua. Nyuzi za nguo huelea hewani katika kila chumba, na nyuzi za aina hiyo hiyo ndizo tunazozitafuta baharini. Kwa hiyo humu nitasema mengi kuhusu usafi kuliko kuhusu kisu. Tunachosaka ni maikroplastiki, yaani vipande vya chini ya milimita 5.

Hatua ya 1: Amua unachotafuta

Aina ipi ya samaki, kiungo kipi, na kipande kidogo kabisa utakachokihesabu ni cha ukubwa gani? Anayeanzia milimita 0.3 hawezi kulinganisha matokeo yake na anayeanzia 0.02. Mara nyingi hupendekezwa samaki 50 au zaidi wa kila spishi; watano hawatakuambia kitu. Kama ni kasa, pomboo au ndege wa baharini, kibali kwanza, hata kama umemkuta amekufa ufukweni.

Hatua ya 2: Andaa chumba

Funga madirisha, zima feni na kiyoyozi. Vaa nguo za pamba tupu, na koti la maabara liwe la rangi isiyo ya kawaida, mathalani la rangi ya chungwa, ili uzi wake ukijitokeza kwenye hadubini uutambue papo hapo. Vyombo viwe vya kioo na chuma, vifunikwe kwa karatasi ya aluminiamu. Chuja kila kimiminika, hata maji ya kuoshea.

Kisha weka sahani ya kioo yenye karatasi ya kuchujia iliyoloweshwa, iache wazi kando ya mikono yako muda wote wa kazi, inase nyuzi zinazodondoka kutoka hewani. Na kwa kila kundi la sampuli, andaa chupa moja yenye vimiminika vile vile lakini isiyo na samaki, ipitie hatua zote kama zilivyo, ili uone uchafu unaotoka kwenye kazi yako mwenyewe. Wapo wanaoiona chupa tupu kuwa ni kupoteza muda. Utafiti usiokuwa nayo mimi siumalizi kuusoma.

Hatua ya 3: Pima, osha, pasua

Andika urefu na uzito, mwoshe samaki kwa nje, kisha pasua kuanzia kwenye tundu la haja kuelekea kichwani. Toa njia yote ya chakula, kuanzia kwenye umio, bila kutoboa utumbo.

Kama unataka kupima kemikali pia, chukua sampuli zake sasa hivi: ini au mafuta kwa ajili ya PCB (kemikali za viwandani, kama za mafuta ya transfoma) na DDT (dawa ya kuua wadudu), ambazo hujikusanya kwenye mafuta, na mnofu kwa ajili ya zebaki. Angalia mtego: sampuli ya PCB hufungwa kwenye aluminiamu na haigusi plastiki, ilhali ya metali huwekwa kwenye chombo cha plastiki kilichosuuzwa kwa asidi.

Hatua ya 4: Yeyusha nyama, bakiza plastiki

Tengeneza mmumunyo wa potasiamu haidroksaidi, alikali kali inayounguza, wa asilimia 10, yaani gramu 100 katika lita moja, ujazo wake uwe walau mara tatu ya utumbo. Tia chembe zake kwenye maji polepole, kamwe usimimine maji juu ya chembe. Huchemka na kuruka, na jicho halisamehewi. Vaa miwani na glavu. Funika, acha kwenye joto la 40°C kwa saa 48 hadi 72.

Usiharakishe kwa kuongeza moto, maana joto kali huufanya mmumunyo uanze kula poliesta. Asidi ya nitriki ni ya haraka zaidi, lakini huyeyusha nailoni, na nyavu nyingi ni za nailoni. Utakuwa umefuta ushahidi kwa mkono wako. Hata potasiamu haidroksaidi huharibu selulosi asetati, plastiki ya vichungi vya sigara, na hilo lisemwe kwenye ripoti. Samaki mwenye mafuta mengi hutoa sabuni, sabuni kwelikweli, inayoziba chujio. Maji ya moto yaliyochujwa huiondoa.

Hatua ya 5: Chuja

Tumia chujio la nyuzi za kioo na pampu ya kuvuta hewa. Mchanga ukiwa mwingi, elesha kwanza kwa maji yaliyokolea chumvi, ila kumbuka msongamano wake ni kama gramu 1.2 tu kwa mililita: polithini itaelea, PVC, plastiki ya mabomba, itazama pamoja na mchanga.

Hatua ya 6: Tazama, kisha thibitisha

Plastiki haina seli, uzi wake una unene ule ule mwanzo hadi mwisho, na rangi yake ni moja. Gusa kinachotiliwa shaka kwa sindano ya moto: plastiki nyingi hujikunja au kuyeyuka, pamba haiyeyuki. Jicho hudanganyika, hasa kwa vipande vidogo, kwa hiyo peleka walau sehemu ya ulivyovipata kwenye kipimo cha infraredi au cha Raman, vipimo vya mwanga vinavyotambua kitu kimetengenezwa kwa nini.

Hatua ya 7: Hesabu

Anza na chupa tupu na ile sahani. Zikiwa na nyuzi za buluu kama zile za kwenye samaki, nyuzi hizo usizihesabu kuwa za samaki. Kisha toa asilimia ya samaki waliokutwa na plastiki, pamoja na wastani wa vipande kwa samaki wote, wakiwemo wale ambao matumbo yao hayakuwa na kitu.