Osmosisi kwa viazi mviringo: kutoka swali elekezi hadi grafu

"Osmosisi ni nini?" si swali elekezi. Mwanafunzi atalijibu kwa fasili aliyokariri, atawekewa vema, na hakuna atakayejua kama ameelewa. Swali elekezi humlazimisha mtu apime kitu. Kwa somo hili, andika ubaoni hivi kabla ya kugusa kisu:

Kipande cha kiazi kinaacha kuongezeka uzito na kuanza kupungua kwenye ukolezi gani wa sukari, na kwa nini iwe hapo?

Nyuma ya swali hili kuna wazo kuu moja: seli hai imezungushiwa utando unaopitisha maji kwa urahisi lakini unazuia sukari, hivyo maji huelekea upande wenye vitu vingi zaidi vilivyoyeyuka. Mwendo huo wa maji ndio osmosisi. Kila mwanafunzi aandike makisio yake kwa tarakimu. "Kitapungua" bado si makisio, "kitaanza kupungua kwenye 0.4 M" ndiyo makisio (M ni moli za sukari katika kila lita ya myeyusho).

Hatua ya 1: Myeyusho mama wa 1.0 M

Myeyusho mama ni ule mkali utakaopunguzwa kwa maji kupata mingine yote. Pima gramu 34.2 za sukari ya dukani. Iyeyushe kwenye maji kama ml 60, mimina kwenye silinda ya kupimia, kisha ongeza maji hadi ufike ml 100. Hapa ndipo makundi mengi huharibu: wanapima kwanza maji ml 100, halafu wanatia sukari. Sukari nayo inachukua nafasi, kwa hiyo unapata kama ml 121, na ukolezi unashuka hadi karibu 0.83 M. Kila namba ya mbele itakuwa imepotoka, na grafu itaonekana nzuri tu.

Maji ya mvua au ya bomba yanatosha. Madini yaliyomo ni machache mno kulinganisha na sukari utakayotia.

Hatua ya 2: Punguza ukolezi

Tayarisha glasi sita za ml 50 kila moja. Bomba la sindano la ml 10 kutoka duka la dawa, bila sindano yake, linapima vizuri kuliko jicho.

0 M: maji matupu ml 50
0.1 M: mama ml 5, maji ml 45
0.2 M: mama ml 10, maji ml 40
0.3 M: mama ml 15, maji ml 35
0.4 M: mama ml 20, maji ml 30
0.6 M: mama ml 30, maji ml 20

Hatua ya 3: Kata na pima

Chukua viazi vitatu vikubwa kutoka gunia moja, visivyo na rangi ya kijani wala machipukizi. Menya ganda lote, maana ganda linazuia maji; upande mmoja ukibaki na ganda, kipande hicho hakilingani tena na wenzake. Kila kiazi kitoe vipande sita vya sentimita 5 × 1 × 1. Kila kipande kitakuwa na gramu 5 na ushee.

Usiweke vipande vya kiazi kimoja kwenye glasi moja. Kila glasi ipate kipande kimoja kutoka kila kiazi, ili tofauti za viazi zisijifiche kama tofauti za sukari. Kuvitambua ni rahisi: cha kiazi A kiache kilivyo, cha B kitie pengo moja dogo kwenye ncha, cha C mawili. Tia mapengo kabla ya kupima, si baada.

Kausha juu kwa karatasi ya tishu bila kukamua, pima mara moja, andika, tumbukiza. Kipande kilichoachwa mezani dakika kumi huku wenzio wanabishana kimeshaanza kupoteza maji.

Mizani isome angalau 0.01 g. Ile ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima haioni badiliko la gramu 0.4. Kama ndiyo uliyo nayo, weka vipande kumi kwa kila ukolezi, ongeza myeyusho vizame, uvipime kwa pamoja.

Hatua ya 4: Subiri

Angalau saa moja. Asubuhi za Juni na Julai Mbeya au Makete, maji ni baridi na mwendo wake kupita utando ni wa polepole. Anza kabla ya kipindi cha kwanza, upime mchana. Vipindi viwili mfululizo, jumla dakika 80, havitoshi ukijumlisha kukata na kupima.

Tazama glasi ya 0.6 M. Myeyusho huo una uzito karibu sawa na wa kiazi kwa ujazo uleule, kwa hiyo vipande vinaweza kuelea na mgongo kubaki nje. Vikandamize kwa kijiko.

Hatua ya 5: Hesabu na grafu

Badiliko kwa asilimia = (uzito wa mwisho − wa mwanzo) ÷ wa mwanzo × 100. Kwa nini asilimia? Kipande cha gramu 5.00 na cha gramu 6.25 vikiongezeka gramu 0.40 kila kimoja, cha kwanza kimepanda 8.0% na cha pili 6.4%.

Weka ukolezi kwenye mhimili mlalo na wastani wa asilimia kwenye mhimili wima, wenye sifuri katikati. Pale mstari unapokata sifuri ndipo jibu, mara nyingi kati ya 0.2 na 0.35 M. Vidato vya tano na sita waendelee: ukipata 0.27 M kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, potensheli ya maji (kipimo cha mwelekeo wa maji kuhama) ni −(0.27 × 0.0831 × 293), yaani kama −6.6 bar; 0.0831 ni namba thabiti ya gesi, na 293 ni nyuzi 20 hizo kwa kipimo cha Kelvini.

Hatua ya 6: Maswali ya kuchimba

*Penye sifuri, maji yamesimama?* Wengi watasema ndiyo. Hayajasimama, yanaingia na kutoka kwa kiasi sawa.

*Kipande kilichochemshwa dakika tano kikiwekwa kwenye 0.6 M?* Maji huku juu Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, lakini joto hilo ni zaidi ya kutosha kuua utando. Sukari sasa inaingia, na kipande hakifuati tena mpangilio wa vibichi.

*Kwa nini mahindi huungua mbolea ikiwekwa juu ya mbegu?* Chumvi za mbolea zimefanya udongo kuwa ile glasi ya 0.6 M.

*Kwa nini kiazi kinatunza wanga, si sukari?* Hili ndilo zito kuliko yote. Wanga hauyeyuki, hivyo hauvuti maji. Chakula hichohicho kingekuwa sukari, seli zingevuta maji kupita kiasi. Unaweza kulipima: viazi vikikaa wiki kadhaa penye baridi kali, sehemu ya wanga hugeuka sukari. Rudia jaribio kwa viazi vya namna hiyo na vilivyochimbwa juzi, vya aina moja, uone mstari wa kipi unakata sifuri mbele zaidi. Pima kwanza kama vya zamani vimesinyaa, kwani kupoteza maji pekee kunasogeza mstari upande uleule.