Oveni imekufa Uingereza: kabla hujanunua nyingine

Feni inazunguka, taa ya ndani inawaka, lakini baada ya nusu saa mkate wa kumimina bado ni uji. Hivyo ndivyo oveni yangu ilivyokufa, Ijumaa, Ramadhani ikianza kesho yake. Nusura niagize mpya usiku uleule. Wewe uliye Uingereza, usitoe hata pauni moja kabla hujajua oveni ni ya nani, na ndani yake kimekufa nini hasa.

Kama umepanga na oveni uliikuta, toa mkataba na ile orodha ya vitu uliyotia saini siku ya kuingia. Ikiwa imo, kwa kawaida matengenezo ni ya mwenye nyumba. Mwandikie baruapepe siku hiyohiyo, weka picha. Wengi wetu huona haya kumsumbua mtu, tukaishia kumnunulia oveni kwa jasho letu.

Kama ni yako, tafuta risiti. Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inambana aliyekuuzia, si kiwanda. Ndani ya siku 30 unaweza kurudisha kitu kibovu ukapewa fedha zako zote. Hadi miezi sita, ubovu huhesabiwa kuwa ulikuwepo tangu mwanzo, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Akisema waranti ya mwaka imekwisha, usiondoke kimya: England madai yanaweza kufika miaka sita, Scotland mitano, ila hapo wewe ndiye wa kuonyesha kwamba kasoro haikutokana na matumizi yako.

Ya kwangu ilikuwa kuukuu, risiti ilishapotea. Feni ikizunguka bila joto, mara nyingi kilichokatika ni koili ya duara iliyojificha nyuma ya kibati cha ndani. Fungua mlango utazame kwenye fremu: kuna kibandiko chenye namba ya modeli. Agiza kwa namba hiyo, usikisie kwa macho. Nililipa pauni 24, ikafika Jumatatu.

Umeme kwanza. Zima swichi kubwa ya jiko ukutani, shusha na ile ya kwenye boksi la fyuzi. Fungua skrubu za kibati, kisha za koili, uivute mbele taratibu mpaka uone waya. Hapa ndipo watu huumbuka: ukizichomoa ovyo zinarudi ndani ya tundu, na itabidi oveni nzima itolewe kwenye kabati. Mimi nilipiga picha, nikaubana kila waya kwa kibanio cha nguo, ndipo nikachomoa. Ukiwa na multimita (kifaa cha kupimia umeme), koili nzima ya wati 2,000 husoma karibu omu 26. Iliyokatika haisomi kitu. Mkate uliiva siku ya tatu ya mfungo.

Kama hujazoea bisibisi, ita fundi, si aibu. Jiko la gesi usiliguse kabisa: fundi lazima awe amesajiliwa Gas Safe, rejista rasmi ya mafundi wa gesi, na mwombe kadi yake kabla hajaanza. Ukinusa gesi, toka nje upige 0800 111 999. Maikrowevu nayo usiifungue, maana ndani mna kapasita inayoweza kuhifadhi umeme wa kuua hata plagi ikiwa imechomolewa.

Ikibidi kununua mpya, lipa kwa kadi ya mkopo bei ikizidi pauni 100, kwani aliyekupa kadi naye huwajibika muuzaji akikuangusha. Ulizia pia kama wataondoka na ile mbovu.

Birika au blenda ikizima ghafla, anza na fyuzi ndani ya plagi: ampea 3 kwa vifaa vya hadi wati 700 hivi, 13 kwa vinavyozidi. Plagi ni ileile ya nyumbani, lakini ule mtindo wa kuziba fyuzi kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara tuuache, unachoma nyumba. Na blenda ikipona, unaweza kumpelekea mama Mombasa au Dar, itafanya kazi bila transfoma. Za Marekani ni za volti 120. Ukizichomeka Mombasa au Dar zinaungua.