Kufunga waya wa reli ya mezani na pointi zake, kwa vifaa vya fundi redio na gereji

Watu wengi wanaoanza reli za mezani, yaani treni ndogo za mfano, hawakwami kwenye milima wala kupaka rangi mabehewa, wanakwama kwenye waya. Duara linazunguka freshi, mtoto anapiga makofi, halafu unaongeza pointi ya kwanza, yaani pale reli inapogawanyika njia mbili, ili treni iingie stesheni na hapo hapo kimya, injini haisogei hata uisukume. Mimi nilikaa wiki mbili nikijua nimeuziwa injini mbovu, kumbe ugomvi wote ulikuwa kwenye eneo dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho.

Nimekulia upande wa Iyunga hapa Mbeya, honi ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, unaisikia ukiwa kitandani, kwa hiyo meza yangu ni TAZARA tu, sina habari na treni za Ulaya. Kwa wanaouliza vipimo, reli ninazotumia ni zile za kawaida za milimita 16.5 kati ya reli na reli, ambazo kwa injini za HO, yaani zilizopunguzwa mara 87 (1 kwa 87), zinawakilisha reli ya kiwango cha kimataifa (SGR) ya milimita 1435. Lakini TAZARA ni 1067, sasa ukijenga mabehewa yako mwenyewe kwa 1 kwa 64 juu ya reli hizo hizo unapata 1056, tofauti milimita 11 tu na hakuna jicho litakaloona. Mabehewa nachonga mwenyewe. Tuendelee na umeme.

Kitu cha kukaa nacho kichwani ni kimoja. Kuna reli ya kushoto na reli ya kulia, moja chanya nyingine hasi, injini inachukua umeme kwa magurudumu ya huku na kuurudisha kwa magurudumu ya kule, volti 12 DC. Zikigusana popote ni shoti. Shida zote za waya za mchezo huu ni hiyo hiyo, ila inabadilisha nguo.

Umeme naupata kwenye betri ya sola ya volti 12 kwa sababu ya kukatika katika, unapita kwenye kile kisanduku cha kupunguza na kuongeza mwendo ndio unaingia relini. Hapa naomba unisikilize vizuri, betri haina huruma, ikipigwa shoti inatoa ampea nyingi mpaka waya unayeyuka na kushika moto, siyo kama adapta ambayo angalau inajizima. Weka fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na mdomo wa betri. Halafu nenda gereji yoyote pale Mwanjelwa uombe balbu ya taa ya breki, ile ya wati 21, uifunge kwenye waya mmoja wa kwenda relini, umeme upite ndani yake. Treni ikitembea kawaida balbu haionyeshi kitu au inapata wekundu kidogo tu, ikitokea shoti inawaka yote na inazuia umeme usizidi kama ampea 1.75, hakuna kinachoungua. Tangu nimeifunga hiyo balbu natafuta shoti kwa macho, sihitaji hata mita.

Waya sasa. Chini ya meza pitisha nyaya mbili nene, mwekundu na mweusi, mimi nimetumia waya wa nyumba wa 1.5, zifuate njia ya reli juu. Kutoka hapo ndio unapandisha nyaya nyembamba, za spika zinatosha, kupitia vitundu vidogo hadi kwenye reli. Kila kipande cha reli kipewe waya wake. Najua utasema vile viungio vya bati kati ya reli na reli si vinapitisha umeme? Vinapitisha, mwaka wa kwanza. Baadaye vumbi la mwezi wa tisa linaingia, vinalegea, treni inaenda vizuri karibu na betri halafu upande wa pili wa meza inatambaa kama mgonjwa. Chomelea waya ubavuni mwa reli upande wa nje ili magurudumu yasigonge lile tone. Reli ikwangue kwanza kwa msasa, paka fluksi kidogo, ile dawa ya kushikisha risasi, pasi ya kulehemu iwe ya moto kweli kweli na uiweke sekunde mbili tu uondoe, ukichelewa zile taruma za plastiki zinalainika na reli inatanuka. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi huku kwetu pasi ndogo inasumbua kupata moto na reli yenyewe ni ya baridi, subiri jua litoke.

Rangi usichanganye. Mwekundu ni reli ya nje ya duara, mweusi ni ya ndani, basi, mpaka umalize mzunguko. Ukifunga waya mmoja washa uangalie balbu, ukifunga mwingine washa tena. Ukifunga ishirini ndio uwashe na balbu ikawaka utalala chini ya meza siku nzima.

Sasa pointi, penye ule ukucha. Angalia pointi kwa karibu. Mbele kuna ndimi mbili zinazosogea, nyuma njia zimegawanyika mbili, na katikati kuna kile kipembe cha V ambapo reli ya ndani ya njia hii inakutana na reli ya ndani ya njia ile, mafundi wanakiita frogi. Ile moja inatakiwa iwe nyekundu na nyingine nyeusi, na zimeshikana chuma kwa chuma. Ndio shoti yenyewe hiyo.

Watengenezaji wametatua kwa namna mbili. Kuna pointi ambazo frogi yake ni ya plastiki, hizo huhitaji kufanya chochote, ila injini fupi yenye magurudumu machache ikipita polepole inakufa juu ya plastiki na unaisukuma kwa kidole mbele za wageni. Mimi sizipendi. Aina ya pili frogi ni chuma, inatakiwa ibadilike, treni ikienda moja kwa moja iwe rangi hii, ikipinda iwe rangi ile. Kwa hiyo kwanza umeme uingie pointi kutokea upande wa ndimi. Pili, zile reli mbili za ndani zinazotoka nyuma ya frogi ziunganishe na reli zinazofuata kwa viungio vya plastiki, siyo vya bati, ili frogi ibaki kisiwa. Tatu, kisiwa hicho kipe waya wake mmoja uende kwenye mguu wa kati wa swichi ya miguu mitatu, miguu ya pembeni mmoja uende kwenye mwekundu mwingine kwenye mweusi. Ukigeuza pointi na swichi igeuke pamoja nayo. Balbu ikiwaka mara injini inapogusa frogi, wala usihangaike, umekosea miguu ya pembeni, ibadilishane.

Kuzigeuza kwa pamoja ndio watu wananunua mota za bei. Mimi natumia spoku ya baiskeli. Swichi ni ile ya kusukuma ya kwenye redio mbovu, naifunga chini ya meza kwa skrubu mbili, natoboa kile kijiti cha swichi na kuipitisha spoku hapo, upande mmoja inatokeza ukingoni mwa meza nimeweka kishikio cha kifuniko cha soda, upande mwingine nimeikunja ikapanda juu ikashika ndimi za pointi. Ukivuta, ndimi zinahama na frogi inabadilika rangi kwa mpigo mmoja. Ukipenda mota za koili, kumbuka zinataka umeme wa kugusa tu, kitufe cha kubonyeza na kuachia, ukiweka swichi ya taa ukasahau koili inaungua sekunde chache tu na harufu utaijua.

Kama una kitanzi, yaani treni inazunguka na kurudi ilikotoka ikiwa imegeuka, fuata reli nyekundu kwa kidole utaona inaenda kukutana na nyeusi. Hapo kata reli zote mbili mwanzo na mwisho wa kitanzi, kipande cha ndani kiwe kirefu kuliko treni yako ndefu, ukilishe kwa swichi ya miguu sita ya kugeuza. Treni ikiwa ndani isimamishe, geuza swichi hiyo pamoja na ile ya kubadili mwelekeo wa njia kuu, halafu inatoka.

Kuhusu kukata reli nina kidonda. Niliunga mbao za paini za kutoka Mafinga zikiwa bado mbichi, ilikuwa masika, nikapitisha reli kukatisha upana wa mbao, nikakata mwanya kwa msumeno wa chuma, ukakaa vizuri. Mwezi wa saba asubuhi moja nawasha, hakuna treni hata moja mezani, balbu inawaka kama gari limekanyaga breki. Nilifungua waya mmoja mmoja karibu yote. Kumbe mbao zimekauka zimejikunja, mwanya umejifunga, reli zimebusiana na huwezi kuona bila tochi. Siku hizi nikikata mwanya nachomeka kipande cha ile kadi ya plastiki inayobeba laini ya simu, tone la supa gluu, nikisubiri ikauke nachonga kwa tupa kifuate umbo la reli.

Kokoto za pembeni ya reli ziwe za mwisho kabisa, baada ya injini yako fupi kuliko zote kupita kila pointi, kwenda na kurudi, kwa mwendo wa kobe bila balbu kukonyeza. Mimi natumia mchanga wa mto uliochekechwa na gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, unadondosha kwa bomba la sindano. Usiisogeze karibu na ndimi. Pointi yangu ya tatu iliganda kwa gundi hiyo na mpaka leo kila treni ikifika pale inaingia stesheni, itake isitake.