SOMO: Kufundisha watu mambo ya ulaji na mazoezi mpaka wakakuelewa (slaidi sina)

Wakuu habari zenu. Naandika huu uzi kwa sababu inbox imejaa swali lilelile, "kesho naongea na kina mama wa kikoba, nisaidie slaidi za lishe". Ukiniuliza tena baada ya leo nakurushia linki tu.

1. Soma mwongozo wenyewe, siyo status za WhatsApp. Tanzania Bara upo wa ulaji wa 2023, Kenya wana wa 2017 wenye ulaji na mazoezi humohumo, na WHO (Shirika la Afya Duniani) walitoa wa mazoezi 2020.

2. Pita kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kikundi uombe nafasi.

3. Chagua jambo MOJA. Chumvi, au mafuta, au kutembea. Ukimwaga yote watakupigia makofi na nyumbani hawabebi kitu.

4. Geuza namba iwe kipimo cha jikoni. Hapa tulieni. WHO wanataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Mimi niliwahi kutamka hivyohivyo nikaendelea na mengine, kumbe wengine wameelewa kijiko kwa kila sufuria na wengine wanadhani ni dozi lazima imalizike. Mama hapikii mtu mmoja, anapikia sufuria, tena hapimi kwa kijiko, anapima kwa kiganja. Kwa hiyo nenda na chumvi na kijiko chako, muombe mtu amwage kiganjani ile anayotiaga kwenye maharage, halafu ipime kijiko kwa kijiko, sawazisha juu kwa kisu, watu wote wanaona. Kisha muulize wanakula wangapi na kwa siku zinapikwa sufuria ngapi, hesabuni pamoja, na vile vidonge vya supu na ng'onda navyo vina chumvi msiviruke.

TAHADHARI: anayemwaga ajitolee mwenyewe, ukimuaibisha mmoja umepoteza kikundi kizima. Na sema wazi kwamba hiyo kidogo inayobaki iwe yenye madini joto, maana wapo wakisikia "chumvi mbaya" wanahamia ya mawe isiyo na kitu.

Soda ni hivyohivyo. Lebo ikisema sukari gramu 10 kwa mililita 100, chupa ya 350 ina gramu 35, gawa kwa 4 maana kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4, ni karibu vijiko 9. Vimimine kwenye chupa tupu mbele yao, hotuba haihitajiki.

5. Mazoezi: mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kutosha kumpandisha pumzi, awe anaweza kuongea ila kuimba hawezi, na siku mbili za kukaza misuli. Mama anayechota maji na kulima usimwambie akakimbie, atakucheka na ana haki. Mtafute muuza duka na bodaboda wanaokaa kutwa.

6. Kabla hujafunga uliza, "ukifika nyumbani utamwambiaje baba?" Akijibu vibaya, hujafundisha.

MASWALI

Kijana_wa_Buza: Mkuu uzi mzuri sana, naomba sasa hizo slaidi

Mwandishi: Soma kichwa cha uzi.

mzee_wa_kale: Babu zetu walikula ugali na chumvi wakafika miaka 90. Hizi ni habari za wazungu

Mwandishi: Babu yako alishika jembe la mkono na mnadani alienda kwa miguu. Wewe unapanda boda kufuata vocha.

Dada Tembele: Samahani kaka, kwetu mwanamke hapangi chakula, mzee anaacha hela ya mboga asubuhi na ndiyo hiyohiyo. Nikiwaambia gramu 400 za mboga na matunda kwa siku naona kama nawatukana

Mwandishi: Swali zuri dada yangu. Kwanza gramu 400 usizitaje, ni kama sehemu tano za gramu 80, waambie mboga iwe kila mlo na tunda la msimu likipatikana, embe likiwa kwenye msimu linashuka bei, habari za tufaha achana nazo. Tembele, mchicha, dagaa, maharage, anza na vilivyopo gengeni kwao. Halafu mwenye hela mfuate kijiweni kwenye kahawa, ongea naye kuhusu presha yake siyo mboga za mkewe, hesabu ya gengeni ataifanya mwenyewe.

Dada Tembele: Asante, la kijiweni sikuliwaza

Mpishi wa Tanga: Naongezea, mchicha ukitiwa karanga za kusaga mafuta unaweka kidogo sana. Na dagaa wakikamuliwa ndimu chumvi haidaiwi

Mwandishi: Hii naiiba.

Kijana_wa_Buza: Mama ana tatizo la figo, nimeona dukani chumvi ya potasiamu, si ndiyo salama zaidi?

Mwandishi: HAPANA. Mwenye figo mbovu potasiamu inaweza kumrundikia mwilini ikamharibia mapigo ya moyo. Usimnunulie bila daktari wake, na hapa sikutanii, kamuulize kliniki kwanza.

Mpishi wa Tanga: Hivi ukiwa na watu mia mbili uwanjani, kijiko wataonaje?

Mwandishi: Usipime uwanjani. Wagawe kwa mabalozi wao wa nyumba kumi, watu kumi kumi, kila kundi na kijiko chake.