Kuweka Kihisi cha Oksijeni chenye Hita kwenye Pikapu ya Zamani

Katika pikapu kuukuu ya petroli, kihisi cha oksijeni cha waya moja (kifaa cha kwenye ekzosi kinachopima oksijeni iliyomo kwenye moshi) hutegemea joto la moshi pekee, na kihisi cha zirkonia, ambayo ni aina ya kauri, hakitoi taarifa ya kuaminika kabla ya kufikia takriban nyuzi 300 za Selsiasi. Gari likikwama kwenye foleni za Kampala kihisi hicho huweza kupoa, kisha kompyuta ya injini ikakadiria petroli bila kujua hali ya moshi. Kihisi chenye hita hujipasha chenyewe. Mwenye pikapu kuukuu ya dizeli asihangaike, kwani injini yake haina kifaa hiki.

Soko la Kisekka lina spea nyingi, ila kihisi kilichokwisha kutumika sikipendekezi hata kidogo, kwa sababu uchakavu wake hauonekani kwa macho. Hakikisha kipya ni cha zirkonia kama cha awali, wala si cha titania (kauri ya aina nyingine), na kwamba nyuzi zake za skrubu zinalingana na tundu la ekzosi. Pima hita kwa mita kabla ya kulipa: inapaswa kuonyesha omu chache, na isipoonyesha chochote, imekatika.

Chomoa kwanza waya hasi ya betri, kisha fungua kihisi cha zamani ekzosi ikiwa bado vuguvugu. Grisi ya kuzuia kukwama ipakwe kwenye nyuzi za skrubu tu, isiguse ncha.

Kazi inayoharibiwa mara nyingi ni ya umeme. Katika vihisi vingi vya waya 4, nyeupe mbili ni za hita, nyeusi hupeleka ishara, na ya kijivu ni hasi ya ishara. Hata hivyo, soma maelezo ya mtengenezaji, kwani rangi hutofautiana. Nyeusi iungwe na waya ya zamani iendayo kwenye kompyuta, na ya kijivu ifungwe kwenye bodi ya injini. Nyeupe moja iende hasi, na nyingine ipate volti 12 kupitia fyuzi na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayowashwa na umeme wa pampu ya petroli. Ukiichukulia umeme moja kwa moja kwenye betri, hita itawaka usiku kucha na asubuhi gari halitawaka. Viungo vibanwe kwa koleo badala ya kuchomelewa kwa risasi, maana vihisi vingi huvuta hewa ya nje kupitia ndani ya waya zenyewe.

Washa injini, iache ipate moto, kisha pima waya nyeusi bila kuikata: volti zipande na kushuka kati ya 0.1 na 0.9, hata injini ikinguruma polepole. Zikitulia mahali pamoja, anza kwa kukagua hasi ya hita.