Jinsi ya kuanza kutembea kwenye vijia vya karibu bila kujitesa

Watu wengi ukiwaambia twende tukatembee porini wanawaza mlima, begi kubwa na viatu vya bei mbaya, mwisho wa siku hawaendi popote, wanabaki kwenye kochi na simu. Achana na hayo. Kinachopumzisha akili siyo umbali, ni kuwa sehemu ambayo hakuna kitu kinachokudai, na sehemu hiyo mara nyingi iko karibu tu, kajia fulani kando ya mto, kamsitu nyuma ya nyumba za watu, bwawa ambalo kila siku unalipita kwenye gari na hujawahi kushuka.

Na siyo stori za vijiweni. Wanasaikolojia wa Marekani, Rachel na Stephen Kaplan, walieleza kwamba umakini tunaoutumia kazini unachoka kwa sababu muda wote unajilazimisha kupuuza mengine, sasa majani yanayochezeshwa na upepo au maji yanayotiririka yanakushika macho bila nguvu, na hapo ule umakini unapata likizo. Halafu kuna utafiti wa Uingereza wa 2019, watu karibu 20,000, waliokaa kwenye maeneo ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walisema wana afya na hali nzuri kuliko wasioenda kabisa, na haikujalisha kama ni kwa mkupuo mmoja au vipande vipande. Hiyo haithibitishi kwamba miti ndo iliwaponya, ila dakika 120 siyo nyingi bana.

Kupata njia, fungua ramani ya simu, weka picha ya setilaiti, tafuta palipo na kijani na maji. OpenStreetMap, ile ramani ya bure ya mtandaoni, huwa inaonyesha hata vijia vya miguu. Hakikisha siyo shamba la mtu, angalia kama kuna kiingilio na saa ya kufunga, pakua ramani kabisa kabla hujatoka maana mtandao huko usiutegemee.

Muda sasa. Kuna hesabu ya mpanda milima wa Scotland anaitwa Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo kijia cha kilomita 4 chenye mwinuko wa mita 150 ni dakika 48 jumlisha 15, saa moja na kidogo. Lakini hiyo ni ya mtu anayekwenda bila kusimama na wewe unakwenda kusimama, so mimi nasema zidisha mara mbili.

Vya kubeba: maji, raba zenye soli inayoshika, kitu cha kujikinga na mvua. Mwambie mtu unaenda wapi na utarudi saa ngapi. Basi.

Ukishafika, zima data na simu iingie kwenye begi, na ile programu ya kuhesabu hatua pia ife, ukianza kukimbizana na namba umehamisha ofisi tu. Mwanzoni kichwa bado kitakuwa kwenye meseji na madeni, usipigane nacho, we tembea taratibu. Ukiona sehemu imekupendeza kaa chini dakika kama 20, usifanye kitu. Ndege walionyamaza ulipofika wataanza tena mmoja mmoja wakishaona huna shida nao. Angalia gome la mti ulio karibu nawe, utakuta labda sisimizi anavuta bawa la mdudu kubwa kumshinda yeye mwenyewe, kaupepo kakipita bawa linasimama kama tanga na kumpindua, anaanguka pembeni, anazunguka, anashika ncha nyingine, safari inaendelea, na wewe unashtuka umemwangalia muda wote huo na hujawaza kazi hata mara moja. Inua jani lililooza uone nyuzi nyeupe za kuvu chini yake. Mvua ikiwa imenyesha vuta pumzi, ile harufu ya udongo inachangiwa na kemikali inaitwa geosmini, inayotengenezwa na bakteria wa ardhini, na pua ya mtu inainasa hata ikiwa kidogo mno.

Wiki inayofuata rudi njia ileile. Najua wengine wanataka sehemu mpya kila mara, ila mimi naona njia uliyoizoea ndo inapumzisha zaidi, huhangaiki na ramani na unaanza kuona mti gani umepukutisha majani na kidimbwi gani kimekauka.

Ukipotea simama, usiendelee kubahatisha, rudi ulikopita mpaka sehemu ya mwisho uliyoitambua. Ukiona radi hesabu sekunde mpaka ngurumo, kila sekunde 3 ni kama kilomita moja, sekunde zikiwa chini ya 30 nenda ndani ya jengo au gari, na chini ya mti usijifiche.

Ukirudi jikague kupe nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye nywele. Na kwangua matope kwenye soli kabla ya kwenda eneo lingine, maana mbegu za magugu zinasafiri humohumo.